Mama aliulizia chakula tu

Jumapili, Mbekenyera

Nilipanga kila kitu, lugha ndiyo sikuiwaza. Wiki nzima nimeulizia siku ya kuwaona mahabusu, nikafuata barua ya mtendaji wa kijiji, nikatafuta bodaboda atakayembeba mama polepole kwa sababu ya kiuno. Kaka Saidi hatukuwa tumemwona tangu akamatwe kwa kupigana na mfugaji, ng'ombe walipoingia kwenye ufuta wetu.

Leo tulipewa dakika kumi. Saidi alipotokea tu, mama akaanza kumsemesha Kimwera, kama siku zote. Askari akamkatiza.

"Bibi, hapa ni Kiswahili. Lazima nielewe mnachoongea."

Hakuwa mkali. Nikamwomba nitafsiri, akatikisa kichwa.

Kiswahili cha mama ni cha kuuzia mihogo sokoni. Alimtazama mwanawe, mwisho akasema, "Umekula?"

"Nimekula, mama."

Kisha, "Umekula?"

Alirudia hivyo mpaka muda ukaisha, na Saidi akajibu kila mara.

Tulipofika nyumbani alinimwagia Kimwera chote alichokwenda nacho. Kwamba hajamkasirikia. Kwamba anamwota. Wa kuambiwa si mimi.