Kiingereza cha Kumvusha Jagsher

Moga, 9 Februari

Kwako Dada Harjot,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumai wewe na shemeji hamjambo, na kikohozi cha mtoto kimetulia. Sisi tu wazima. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu yangu Mama anaipekua.

Umeuliza habari za masomo. Masomo gani, dada! Mwaka mzima nimekaa mbele ya mwalimu wa Kiingereza, Bwana Ahluwalia, ambaye ng'ambo ameiona kwenye kalenda tu, akitukaririsha kwamba mvua ikizidi ni paka na mbwa wanaanguka, na jambo jepesi ni kipande cha keki. Na adabu za Waingereza sasa! Mtu haombi chumvi. Anauliza kama pengine ungeweza kumsogezea, kama hutajali. Hadi amalize kubembeleza, mchuzi wa dengu umepoa. Nilimwambia hivyo, akasema sina heshima. Lakini darasani hakuna aliyenishinda.

Yote hayo kwa ajili ya Jagsher, jitu zima linaloshinda juu ya trekta likisikiliza muziki. Mpango wao unaujua: nifaulu mtihani wa Kiingereza, tuoane, kwao wanilipie chuo Kanada, naye aingie kwa mgongo wangu. Mama yake alikuja na vitamutamu vya laddu, akaniita malkia, kisha akamuuliza Mama mbele yangu kama kweli nitapata alama saba kati ya tisa, maana wa sita na nusu wamemwona kijiji cha pili. Utadhani ananunua nyati wa kufugwa, anauliza lita za maziwa!

Majibu yametoka. Nimepata nne. Jioni ileile wakatuma mtu kuchukua pete ya uchumba. Na waende zao!

Sasa kaa chini, dada. Nilijifelisha. Mtahini aliniuliza ningefanya nini maishani kama ningeweza kuchagua. Jibu nilikuwa nalo, refu na zuri. Nikamtazama machoni, nikanyamaza. Karatasi ya mtihani wa kuandika nayo nikaiacha nusu tupu.

Nilijiandaa kwa hasira za Baba. Hakukasirika. Jana shangazi alinicheka uani kwamba kichwani nina samli, na Baba, ambaye hajawahi kubishana na dada yake, akamwambia akome, mtoto amejitahidi kadiri ya uwezo wake. Kisha akanimenyea chungwa, akaniambia nisijali, si kila mtu Mungu amemjalia akili ya vitabu. Nililipokea lile chungwa, nikamshukuru.

Matusi yake ningeyamudu. Huruma hii siiwezi. Njoo umwambie ukweli wewe, tafadhali.

Msalimie shemeji, na mtoto umbusu kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Simrat