Pindo la Khanga la Mama Salome

Alhamisi jioni, Singida mjini

Kosa ni la programu, si la Mama Salome. Naandika hapa kwa sababu ofisini sikusema, na sitasema.

Programu ile ya kutuma mafaili Dar niliiweka mimi. Neno la siri la kila mtu inaliandika wazi ndani ya diski, na yeyote anayekalia kompyuta ya ofisi anaweza kulisoma kama gazeti. Nililijua hilo tangu mwezi uliopita. Uvivu tu.

Juzi mtu kaingia kwa jina la Mama Salome, kafuta ripoti zote za chanjo ya ng'ombe. Leo bosi kamsimamisha mbele yetu.

"Mama, neno lako la siri ulimpa nani?"

Akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa kikaratasi kilichokunjwa hadi kimekuwa kama punje ya mahindi. "Halijawahi kutoka hapa, baba. Hata nikilala ninalo."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, tena kwa sauti.

Bosi akamwambia kesho asije.

Kinachonikera ni kwamba hakulia. Alinifuata mpaka mlangoni. Nikamwamkia kwa mazoea tu, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kishike wewe, kisije kikaokotwa na mtu mbaya. Si wewe ndiye uliyenifundisha kukitunza?"

Nikakipokea kwa mikono miwili.