Baba na Timu Inayoshika Mkia

Mpendwa Baba,

Jumamosi nilikwenda uwanjani, na nimeona nikuandikie wewe kwanza.

Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza hapa ugenini Minto, tulipokuwa tunatoka mazoezi ya kwaya tukawakuta watu wanacheza besiboli? Kule kambi ya wakimbizi Kigoma tulijua mpira wa miguu tu. Ulisimama ukamuuliza mama mmoja mtazamaji, "Yule anamkimbia nani?" Akakueleza kwa mikono karibu saa nzima kwamba akishapiga mpira anakimbia kituo hadi kituo, mpaka arudi alipoanzia, pale wanapopaita nyumbani. Timu ya Minto ilichapwa vibaya siku hiyo. Njiani ukaniambia, "Mwanangu, wiki ijayo tunarudi. Hawa wanahitaji watu."

Ikashika mkia msimu ule, na uliofuata, na uliofuata tena. Ulitoka kazini ghalani Smithfield mgongo unauma, na bado ulifika mapema na kiti chako cha kukunja. Kila ikishindwa ulikuwa na sababu: jua, upepo, refa. Mama alikutania, "Mzee umepata mke wa pili, na huyo hata kushinda hajui!"

Halafu korona ikaja. Mechi zikasimamishwa, nasi tukafungiwa nyumbani. Ulinuna wiki nzima. Kisha asubuhi moja ukachukua mwiko wa ugali wa Mama, ukaviringisha soksi zako, ukatuita wote uani. Mzee wa miaka sabini! Ulizipiga zile soksi zikavuka ua wa jirani, ukazunguka kamba za nguo mbio, mkono mmoja umeshika suruali isidondoke, ukipiga kelele, "Nimefika nyumbani!" Mama alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Jirani akaturushia soksi, akakupigia makofi.

Moyo wako ulisimama kabla mechi hazijarudi. Tulikuzika tukiwa wachache, tumevaa barakoa, bila kwaya. Niliumia kwamba hukuiona tena timu yako, na kwa miezi mingi nilizunguka njia nyingine nisiuone ule uwanja.

Jumamosi Mama alivaa viatu bila kuambiwa na mtu, akasema, "Twende." Tulikuwa nyuma kwa pointi sita. Vijana wakaanza kurudisha moja moja, mpaka ikabaki moja tu. Mchezaji wetu wa mwisho akateleza kwenye vumbi, mkono ukagusa kituo mbele ya macho yetu, lakini refa akasema amechelewa, ametolewa. Tukashindwa.

Baba, ungemwona mkeo! Aliinuka akamgombeza refa kwa Kirundi, kwa Kiswahili, na kwa Kiingereza chote alichonacho. Uwanja mzima ukaacha wachezaji ukamshangilia yeye. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na baadhi yalikuwa yako.

Ndani ya gari alifunga mkanda. Kisha akauliza, "Jumamosi ijayo tunacheza na nani?"

Tunacheza, Baba. Hakusema wanacheza, amesema tunacheza.

Pumzika ukiwa na furaha, mzee wetu.

Binti yako mkubwa