Saa ya Mama kwenye Picha za Kikatiti

Kimandolu, Arusha
Jumapili

Mpendwa dada Sia,

Shikamoo dada. Natumaini huko Dodoma u mzima, na kile kikohozi kimekuacha usome kwa amani. Sisi hatuumwi, ila jana kumetokea jambo.

Nilishakueleza kwamba likizo hii namsaidia dada Nusura, msimamizi wa maonyesho ya picha kule Njiro. Yeye ndiye anayechagua picha, anaamua ipi ikae kando ya ipi, na kuweka vibao vya kuzieleza. Safari hii alichagua picha za studio ya baba mkubwa Eliya, ile ya Kikatiti ya miaka ya tisini. Baba mkubwa alileta boksi zima, akasema zote alipiga kwa mkono wake. Dada Nusura alikuwa akimwita msanii mkubwa tuliyechelewa kumjua.

Vibao nilipewa mimi niandike. Nilipofika picha ya saba nikashtuka. Bibi harusi, mzee wa Kimasai, wanakwaya wawili, wote wamevaa saa ileile, kioo kimepasuka juu kidogo ya namba tatu. Dada, ni saa ya mama! Ile aliyoniazima kwenye mtihani wa kidato cha pili.

Nilirudi nyumbani, nikamkuta mama akichagua maharage, nikamuuliza. Hakuinua macho. Alisema aliajiriwa pale studio kufagia, lakini baba mkubwa alikuwa hashindi studio, kwa hiyo wateja wakija anawapiga picha mama mwenyewe. Saa aliwavalisha kwa sababu watu walikuwa hawajui wapeleke wapi mikono. Kisha akaniambia ninyamaze. Baba alipofariki ni baba mkubwa aliyetulea, na jina kwenye picha, alisema, si kitu cha kuvunjia ukoo.

Jana ndio ulikuwa ufunguzi. Baba mkubwa, na suti yake, alisogea kwenye kibao cha kwanza, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Kiliandikwa jina la mama: Mpiga picha, Anneth Mosha. Akauliza kwa sauti ni nani ameandika upuuzi huo. Watu wakabaki na soda zao mkononi. Dada Nusura alinitupia jicho mara moja, akajibu kwamba ni yeye. Baba mkubwa akamwita mwongo mbele ya wageni wote.

Ndipo mama akatoka nyuma ya watu. Alikuwa ameivaa saa. Aliuweka mkono wake kando ya mkono wa bibi harusi, pale ukutani, tukaona wote kwamba ni saa ileile. Baba mkubwa akaondoka. Simu yake haipatikani mpaka sasa.

Dada, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa: kibao kile niliandika mimi. Nilikipeleka kuchapwa Ijumaa bila kumwonyesha dada Nusura wala kumwambia mama. Halafu nikasimama nyuma ya meza ya soda, nikaacha mwenzangu atukanwe kwa ajili yangu. Sijawahi kujionea aibu namna hii. Kesho nitakwenda Kikatiti nimwambie baba mkubwa mwenyewe. Niombee.

Wasalimie wenzako wa bwenini. Mama naye anakusalimu sana, na anauliza kama huko Dodoma filamu za kamera bado zinauzwa.

Ni mimi mdogo wako,
Anande