Pole ya Wakesho Uwanjani

Arlington, Texas

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama ameniambia umeanza tena kupanda kilima kwenda kuangalia mbuzi, nami nikasema huyo ndiye Baba ninayemjua, haambiliki. Sisi huku tu wazima. Baba Wakesho bado yuko kwenye ghala la mizigo kule Euless, na mimi kazini hospitalini wamenihamishia wodi ya wazee, ambako nacheka kuliko nilivyotarajia.

Uliniuliza kuhusu mpira wa mjukuu wako Wakesho, ukanionya nisikujibu kama mama bali kama mtu aliyekaa benchi. Haya.

Mpira huu wa Kiaustralia si ule uliotufundisha wewe. Umbo lake kama papai, unaruhusiwa kuushika, unaupiga teke ama unaugonga kwa ngumi kumpasia mwenzako, na kuangushana ndiyo kazi yenyewe. Goli lina nguzo nne. Siku ya kwanza akina mama wa kanisa letu walipiga vigelegele mpira ulipopita kwenye nguzo za pembeni, kumbe pale ni pointi moja tu ya kukufariji. Kocha alicheka mpaka akakaa chini.

Wakesho anaruka, Baba! Anaudaka mpira juu ya vichwa vya wasichana warefu kumliko, na akitua hayumbi. Anapiga kwa miguu yote miwili, hilo amelitoa kwako. Wenzake wanakimbilia mpira ulipo, yeye anakimbilia utakapoangukia. Ngumi ya kushoto bado legelege, pasi zinaishia njiani, kwa hiyo jioni tunafanya mazoezi kwenye maegesho ya magari hapa nyumbani na mimi ndiye mwokota mipira. Hiyo itanyooka.

Kinachonitoa jasho ni kingine. Akimwangusha mtu, anasimama. Anampa mkono, anamwinua, anamwambia "pole," anamkung'uta nyasi mgongoni. Na mpira umeshakwenda! Jumamosi iliyopita tulifungwa hivyo hivyo, yeye kamshika mpinzani mkono kama anayesindikiza mgeni. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka.

Kocha wao, mama wa Kiaustralia asiyezungusha maneno, aliniita kando. Anachagua msichana mmoja wa kwenda kwao Australia kufanyiwa majaribio na timu kubwa.

"Ana kila kitu," akaniambia. "Lakini kule hawatamngoja. Akiacha kusimama katikati ya mchezo, nafasi ni yake."

Tulipokuwa garini nikamweleza Wakesho. Mtoto huyu anayenijibu Kiingereza kutwa akanigeukia na Kiswahili chake: "Mum, si Babu alisema ukimwangusha mtu usimpite?"

Ni maneno yako hayo hayo. Kila mtoto uliyemfundisha pale shuleni alijua kwamba ukimpita aliye chini unatolewa nje, hata uwe binti wa mwalimu. Mimi ulinitoa mara ngapi! Naye likizo ile aliyokuja kwenu ulimfunza vivyo hivyo, na ameshika.

Nina furaha, Baba, sikufichi. Nimemlea mtoto Texas na neno lako limemfikia. Lakini nataka pia aende, na yeye anataka sana, usiku anatazama mechi za kule mpaka nimnyang'anye simu. Kocha anachagua Jumamosi ijayo. Mimi hanisikii, wewe atakusikia. Tafadhali mpigie kabla ya hapo, Jumapili hii tukitoka kanisani, nanyi mtakuwa mnakula cha jioni.

Mpe Mama salamu, mwambie sweta lilinitosha. Msalimie shangazi wa duka la mboga, na kaka Mwakio fundi baiskeli, mwambie aache kujificha, anipigie.

Na ukizungumza na Wakesho, Baba, usimwambie aache. Mwambie pole ingoje filimbi ya mwisho, kisha arudi amtafute aliyemwangusha, hata kama uwanja umebaki mtupu. Huko Australia hatuna mtu anayetujua. Ningependa waanze kutujua kwa hilo.

Ni mimi binti yako, uliyemtoa nje mara nyingi,
Mghoi