Paka Asiyetoka Nje

Maskati, Jumamosi asubuhi

Kwako Dada Rehema,

Shikamoo dada. Nyingine ya Mama, umpelekee mwenyewe chumbani, usimpigie kelele kutoka jikoni kama kawaida yako. Vipi magoti yake na hizi mvua? Na wewe presha imeshuka, au bado unaigombeza kama unavyowagombeza watu? Shemeji Mbwana nasikia kapaka nyumba rangi ya kijani, mtaa mzima wa Mabawa unaiona kabla ya kuifikia. Mwambie nimempa pole. Mimi mzima, alhamdulillahi. Tumbo limeongezeka, nywele zimepungua, na joto la huku limenizoea kiasi kwamba sasa linanichoma juu juu tu.

Utashangaa kuona karatasi. Athumani wa Mkwaja anarudi nyumbani Alhamisi, nikaona nimpe barua badala ya kukutumia sauti. Sauti zangu nyinyi mnazifungulia spika, mnakaa uani mnacheka, mpaka majirani wanajua nimekula nini. Hili la leo silitaki kwenye spika. Kupiga simu nako nimejaribu mara mbili wiki hii. Nikikusikia unacheka na mimi nacheka, nakata bila kusema nililokusudia. Mara ya pili niliishia kukuuliza habari za minazi, na wewe ukaniuliza kama nimeanza kuumwa.

Ni habari ya wale paka. Umeniambia bwana mifugo atakuwa ofisi ya kata Jumanne baada ya wiki hii inayokuja, na kwamba ungependa kuwapeleka wote wawili, Kibibi wa Mama na hiki kitoto ambacho shangazi kakileta kwenye pakacha kutoka Maramba. Na umesema Mama kakataa. "Bakari alishasema, paka wa ndani hachanjwi." Ukaniuliza: tufanye neno lako, au vipi? Na wakichanjwa, iwe mara ngapi?

Ni kweli nilisema. Mwaka jana uliponiuliza kuhusu Kibibi nilikujibu, "Paka asiyetoka nje achanjwe ya nini, kwani anakwenda Hijja?" Mlicheka wote. Mama akalichukua lile neno akaliweka pamoja na maneno ya marehemu Baba, mahali ambapo halipingwi. Nami nilifurahi, nisikufiche. Mtu aliyefeli Kidato cha Nne mara mbili, leo nyumba nzima inafuata kauli yake kwa sababu tu anaishi na paka wa Waarabu! Nikajiona daktari, nimepungukiwa koti jeupe tu.

Sasa nikueleze huyo daktari wenu kafanya nini.

Bi Zuwena, huyu mama ninayempikia, unamjua kwa maneno yangu. Ni mjane, mzaliwa wa Unguja, Kiswahili chake kisafi mpaka mimi huona haya kuongea Kimtang'ata changu mbele yake. Ana paka wake wa siku nyingi, Mansuri, mnene kama mto wa kochi. Mwaka huu, alipotoka eda, bintiye alimletea mwingine, jike mdogo mweupe, wakamwita Lulu. Dada, yule mama alikuwa hazungumzi. Chakula nilikuwa natenga na kukiondoa kilivyo. Lulu alipoingia ndipo nikaanza kusikia sauti ndani ya ile nyumba. "Bakari, mwanangu, njoo umwone huyu kafiri, kaingia kwenye kabati la vikombe!" Akaanza kula. Akaanza na kunikosoa chumvi, nikajua kapona.

Kuwapeleka paka kwa daktari ni kazi yangu. Lulu alichanjwa sindano ya kwanza akiwa na miezi miwili. Tulipewa kadi, imeandikwa arudi baada ya mwezi. Ule mwezi ulipofika, siku yenyewe ikawa Ijumaa ambayo sisi wa Tanga tulio huku tumepanga kukutana baada ya sala, na mpishi wa pilau ni nani kama si kaka yako? Halafu kumtia paka kwenye kile kikapu chake ni vita; mara ya kwanza nilitoka na mikwaruzo mpaka shingoni. Basi nikamwendea Bi Zuwena na lile neno langu la Hijja, lile lile lililowachekesha nyinyi.

Alicheka dada. Alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Wewe Bakari wewe! Haya, kama wasema haina haja."

"Haina haja Bibi," nikasema. "Huyu hata kibarazani hajakanyaga. Ataambukizwa na nani, na zulia?"

Kadi nikaitia kwenye droo ya jikoni, chini ya pakiti za binzari. Nikaenda kupika pilau. Watu walisifu sana.

Sasa nyuma ya nyumba hii kuna paka wa mtaani. Unajua tulivyolelewa, kichwa cha samaki hakitupwi, kina mwenyewe anakisubiri. Kila siku nikimaliza kupaa samaki natoka na sinia, wananizunguka miguuni, naongea nao Kidigo kwa kuwa hakuna mwingine huku wa kuongea naye Kidigo. Mmoja wao, wa rangi ya chungwa, alikuwa anaharisha siku mbili tatu, akiloanisha pale pale ninapowawekea. Nikaona kala kibaya. Kisha sikumwona tena. Wala sikujiuliza.

Nikirudi navua makubazi mlangoni. Hata siku moja sijaingia na kiatu kwenye nyumba ya mtu, Mama hakutulea hivyo, na Bi Zuwena alikuwa akinisifia kwa wageni: "Bakari mtu wa pwani, anajua usafi." Ila nayavua kwa upande wa ndani wa mlango, maana nje jua la huku linaikausha ngozi mpaka inapasuka. Na unaikumbuka ile picha niliyowatumia, Lulu kalala juu ya makubazi yangu, kichwa kakitia mle mnamoingia vidole? Mama aliipenda, ukasema kaomba umwoneshe tena na tena. Harufu ya samaki ndiyo iliyokuwa ikimvuta. Kila adhuhuri nikivua tu, yeye huyo, anayalamba, anayakumbatia.

Basi siku moja hakuja kwenye makubazi. Nikamkuta jikoni kainamia bakuli la maji, kidevu kinagusa maji, na hanywi. Alikaa hivyo hivyo. Baadaye akatapika povu la njano. Bi Zuwena akanitazama, nikamwambia ni joto. Kesho yake asubuhi hakuweza kusimama, tukamkimbiza.

Daktari ni Msudani, kijana mpole. Kiarabu chake nakishika nusu, nusu nyingine Bi Zuwena ananitafsiria. Akamtia dripu, akapima damu, akarudi kakunja uso. Akasema ni homa ya paka ya virusi, ile inayoshambulia utumbo na kuimaliza kinga mwilini. Akauliza: anatoka nje?

"Hata siku moja," Bi Zuwena akasema.

"Kuna paka wengine wa nje karibu yenu?"

"Wapo, Bakari anawalisha. Ana thawabu zake."

Yule kijana akanitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa yale yale makubazi. "Viatu hivi ukiingia unaviacha wapi?"

Nikayaangalia. Bi Zuwena naye aliyaangalia makubazi, kisha akaniangalia mimi usoni, akajua. Niliona anavyojua.

Daktari akaendelea taratibu, kama mtu anayeeleza watoto. Virusi hivi havihitaji paka atoke. Vinaingia na viatu, na mikono, na nguo. Vinakaa kwenye udongo na kwenye sakafu miezi na miezi vikiwa hai, na sabuni ya kawaida haiviwezi. Sindano moja kwa mtoto mchanga haitoshi, ndiyo maana hurudiwa. Kisha akaomba kadi. "Sindano ya pili alichomwa lini?"

Dada, nilikuwa nimefungua mdomo. Wallahi nilitaka kusema. Lakini yule mama akanitangulia. Akasema, "Sisi tuliona haina haja."

Sisi! Mwanamke wa watu, mzee, hajawahi kuona haja wala kutoona. Aliniamini mimi, basi. Na mimi niliyemuuliza kama ataambukizwa na zulia nikasimama pale kimya nikamwacha ajitwishe. Afadhali angenitukana mbele ya watu.

Lulu alikufa siku ya tatu, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nimeshika ile chupa ya dripu kana kwamba nasaidia kitu. Nilimzika mwenyewe chini ya ukuta wa uani, nikamwaga maji ya klorini nyumba nzima, sakafu, mazulia, mpaka kabati la vikombe. Makubazi nikayachoma. Ndiyo yale aliyoninunulia Mama pale sokoni Ngamiani, mwambie yamechakaa tu; hapana, usimwambie hivyo, nimeshachoka kusema uongo mdogo mdogo.

Mansuri hakuugua hata kukohoa. Alilala kwenye zulia lile lile, akanywa maji bakuli lile lile. Daktari alisema ni kwa sababu utotoni alichanjwa zote alizotakiwa, akarudiwa alipotimiza mwaka, na baada ya hapo kila miaka mitatu. Haya mambo aliyafanya marehemu mume wa Bi Zuwena kabla mimi sijafika hapa na elimu yangu.

Bi Zuwena hajanifukuza. Hajapandisha hata sauti. Anakula, anasema ahsante. Lakini chakula amerudia kukiacha nusu, na ile "mwanangu" haipo tena, siku hizi ni "Bakari" mkavu. Kadi ya Mansuri ameitoa kwenye droo yangu kaiweka chumbani kwake, na wiki iliyopita dereva ndiye aliyempeleka Mansuri kwa daktari. Nilikuwa nimeshavaa shati, nimesimama na kikapu. Bibi akaniambia kwa upole, "Wewe pumzika Bakari." Nikaenda kumenya vitunguu, kazi nzuri kwa mtu wa hali yangu.

Kwa hiyo swali lako nimelijibu kwa mzunguko, sasa nalijibu moja kwa moja. Wapeleke wote wawili, Jumanne ile ile. Kitoto kwanza. Hicho ndicho kilicho hatarini, nanyi mnalisha paka wa jirani pale uani na kuingia na ndala mpaka jikoni. Kianze sasa chanjo ya homa ya paka, kirudiwe kila baada ya wiki tatu au nne mpaka kipite miezi minne, wala msiruke hata moja, hata kama siku hiyo kuna harusi na wewe ndiye kungwi. Kikitimiza mwaka kirudiwe tena. Kibibi ni mkubwa lakini hajachanjwa maishani, naye apewe mbili zilizopishana mwezi, kisha moja baada ya mwaka. Kutoka hapo, kwa paka anayeshinda ndani, huyu daktari anasema miaka mitatu mitatu inatosha, hakuna haja ya kumchoma kila mwaka kwa homa hii. Kama bwana mifugo hana chanjo hiyo, akuelekeze inapopatikana pale Tanga mjini. Muulize yeye. Mimi msiniulize tena.

Ya kichaa cha mbwa ni habari nyingine, hiyo ni kila mwaka bwana mifugo anapopita, na kitoto kiipate kikifika miezi mitatu. Mlango wetu wa nyuma tangu enzi za Baba haufungi sawasawa, na umenieleza mwenyewe kwamba dume la kigeni liliingia likapigana na Kibibi juu ya meza. Kibibi huyo huyo analala mapajani kwa Mama, na Mama mikono yake haiishi mikwaruzo. Ugonjwa ule ukishajitokeza kwa mtu hauna tiba, dada. Nikilifikiria hilo na lile neno langu la Hijja nasikia baridi, na huku hakuna baridi.

Wakirudi watalala siku nzima, wasile vizuri. Msitishike. Lulu alifanya hivyo baada ya ile sindano yake moja, kesho yake akapanda pazia.

Nisalimie Shemeji Mbwana, fundi wetu wa rangi. Nisalimie shangazi mleta paka, akienda Maramba akumbuke na mihogo. Nisalimie wanao, hasa mjomba wangu mkorofi wa darasa la saba, na jirani yetu mshona kofia, mwambie ile niliyokuja nayo bado naivaa.

Na Mama. Najua utakapotaka kuwatoa atakuambia Bakari alikataza. Usimwambie Bakari kabadilisha mawazo, wala kwamba madaktari siku hizi wamegundua kitu kipya. Mwambie Bakari alikuwa hajui, akajitia kujua, na paka wa watu akafa. Hatakubali. Atasema mwanangu hawezi, mwanangu tangu mdogo anapenda paka, hao watu wanamsingizia. Usibishane naye. Mwache anitetee mpaka amalize, halafu wabebe paka wake mwende.

Ni mimi mdogo wako, mpishi na si kitu kingine,
Bakari