Chumba cha Uani cha Mama Anjela

Bibi, mke wangu wa kwanza,

Ungekuwa hai ungeona wivu, maana toka Ras Kazone mpaka Pongwe hakuna mwanamume anayesemwa kama mimi mjukuu na mume wako. Juzijuzi nilisimama mbele ya watu wazima wa Ngamiani nikatoa maneno, wazee wa kanzu wakasahau kutema tambuu. Mimi! Wa darasa la nne! La tano nililichungulia dirishani tu nikaona halina jipya.

Najua herufi zangu huzisomi. Wewe ulisoma za Kiarabu, na nilipokuandikia jina lako ukutani kwa mkaa ulisema, "Hizo ni nyayo za kuku, si maandishi." Basi huko uliko hapakosi wa kukusomea. Mwambie asiruke mahali.

Lo, shikamoo kwanza! Unaona? Tangu uondoke sina wa kunifinya sikio.

Mji umechafuka, Bibi. Arubaini yako imepita tu, akaja Bwana Afya mpya, Mbondei wa upande wa Muheza, kaptura imepigwa pasi mpaka inakata. Nilitaka kumchukia ikanishinda, kwa vile alimwamkia kila mzee kwa zamu yake. Alipita uani kwa uani na utepe wake wa kupimia. Akasema nyumba zetu zimebanana, choo kimoja kinagombewa na umati, na paa moja la makuti likishika moto mtaa mzima umekwenda. Kwa hiyo baraza la mji limeamua kila kiwanja kiachwe wazi nyuma. Vyumba vya uani vivunjwe vyote, isipokuwa vile wanavyolala watu wa nyumbani. Cha mpangaji, chini.

Basi hapo ndipo ubishi ulipoanza. Sokoni ubishi, msikitini wakitoka ubishi, hata kwa fundi wangu baiskeli zilikaa na pancha zao siku nzima, watu wanabishana juu yake. Jirani yetu Mzee Kombo, ambaye kwake keshaezeka mabati, alisema sheria ni njema, tutapata hewa. Mtu akamrukia, "Hewa tutapata, Mzee Kombo, na kulala tulale juu ya hiyo hewa?" Tulicheka mpaka nikadondosha spana. Lakini, Bibi, yule mzee alimzika mjukuu wake kwa homa ya matumbo, na wewe ulikwenda kukaa naye matanga. Kicheko changu kilikatika katikati.

Sasa sisi, na chumba chetu cha uani. Unamkumbuka Mama Anjela alivyoshuka kwao Usambara hajapata kushika nazi? Ulimkalisha juu ya mbuzi, akaikuna mpaka kifuu, tui likatoka la rangi ya tope. Ulicheka ukashika mbavu, kisha ukalinywa lile tui kwenye mchuzi wala hukukunja uso. Mumewe yuko mkongeni, anakuja Jumamosi na kuondoka Jumapili baada ya kanisa. Walipanga kwetu kwa sababu ya shule ya misheni, Anjela asome. Na ulipougua, nani alikuwa akikugeuza kitandani? Mimi nilikuwa nakimbia, Bibi. Nilikuwa nasema nakwenda kutia upepo gurudumu la mtu. Yeye alikugeuza, akakupepea, akakuimbia zile nyimbo zake za kanisani kwa sauti ya chini, nawe ukasema, "Mungu ni mmoja, imba tu."

Ndipo ukatuita mimi na Shangazi, ukasema neno lako: Mama Anjela asihame mpaka mtoto amalize shule. Hukusema la mkufu wala la kitanda. Hilo tu.

Siku ya mkutano wa Bwana Afya na wenye nyumba, Shangazi alinivaa toka asubuhi. "Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii, utaulizwa wewe. Ukiulizwa, sema ni watu wa nyumbani, halafu ufunge domo lako hilo!" Nikamwambia, "Shangazi, wacha wasiwasi, mimi nalijua la kusema." Nikapaka mafuta nywele.

Wakaulizwa watu nyumba kwa nyumba. Wengine walilia, wengine walitukana kwa adabu. Ilipofika zamu yetu Bwana Afya alinitazama, akasema polepole, kama mtu anayemwekea mtoto tonge mdomoni, "Hao wa chumba cha uani ni watu wa nyumbani, sivyo?"

Ilibaki niseme ndiyo, Bibi. Mtoto mchanga angeitikia.

Lakini nyuma yangu Mzee Kombo alikuwa amekwisha kusema nyumba yetu imejaa kama gunia la dagaa. Damu ikanichemka. Nikapanda juu ya benchi. "Mnasema tumejaa? Nyumba ya bibi yangu haijapata kujaa! Wamelala kwetu watu wa milimani, watu wa mkongeni, wachuuzi wa samaki wakavu, ng'onda, wa Kigombe. Ukanda wa kati ya vyumba ukijaa, wanalala barazani. Baraza ikijaa, wanalala jikoni! Huyo Mama Anjela si ndugu yetu, kabila si moja, dini si moja, na bibi yangu alimweka kama mwanawe wa kumzaa! Nyumba gani Tanga hii itashindana na hiyo?"

Wee! Vigelegele, Bibi. Watu walinishika mkono. Sisi nyumba husifiwa kwa waliolala ndani yake, nani asiyejua? Ni mimi peke yangu niliyekuwa sijamwona Shangazi kule kwa wanawake, kajifunika kanga uso mzima.

Bwana Afya alikunja utepe wake. "Bwana mdogo," akasema, "umesema mwenyewe, na wote wamesikia." Wallahi hakufurahi.

Waliokuja kuvunja walikuja na sururu, na udongo ule ulikuwa mkavu, haukuwakawiza. Sasa ukisimama jikoni unaona moja kwa moja mpaka choo cha Mzee Kombo. Hewa ipo, tena nyingi. Mama Anjela alifunga mizigo yake kwenye mkeka, akaniambia, "Ulisema vizuri, mwanangu. Bibi angefurahi kukusikia." Hakuwa ananidhihaki. Afadhali angenitukana.

Wapo kambini kwa mumewe, na kutoka huko mtoto hafiki shuleni kwa miguu. Jumapili naazima baiskeli ya fundi, naenda kumwomba Mama Anjela amtoe mtoto aje alale kwa Shangazi, kwenye chumba chako. Nakuahidi. Na nitaongea kidogo, Shangazi kaniapisha.

Lala, mke wangu. Mungu akupe nafasi huko, pana kuliko hii uliyotugawia.

Watu wangali wananisifu njiani kwa siku ile, na mimi naitikia, nacheka nao. Lakini uliniachia neno moja tu nilitunze, Bibi, na mimi nimelivunja huku nakusifu wewe.

Mumeo,
Mbwana